Stetasi Imeonekana na Watu 60, Oda Hakuna: Jinsi ya Kuendelea Kutangaza Biashara Yako Bila Kukata Tamaa



Kufungua nambari ya biashara ni kazi ya dakika chache. Kupata mteja wa kwanza pia si kazi kubwa, kwa sababu mara nyingi huyo wa kwanza ni dada yako, jirani wa ploti, au rafiki mliyesoma naye ambaye ananunua ili akupe moyo. Kazi yenyewe huanza wiki ya tatu hivi. Umepiga picha nzuri, umeandika bei, umeweka kwenye stetasi ya WhatsApp. Jioni unaangalia: watu 60 wameona. Waliouliza bei ni wawili. Aliyenunua hayupo. Kesho yake unaposti tena, lakini mkono umekuwa mzito. Keshokutwa unasema utaposti jioni. Wiki inayofuata huposti kabisa, na biashara inakufa kimya kimya bila mtu yeyote kutangaza kwamba imekufa.

Tuseme ukweli mapema. Sisi tunauza huduma ya malipo, na nambari ya malipo haimleti mteja. Inampokea tu akishafika. Anayemleta ni wewe, na utamleta tu kama bado unatangaza siku ambayo yeye atakuwa anahitaji bidhaa yako. Kwa hivyo somo la leo linahusu ule moyo wa kuendelea: unatoka wapi, unapotea vipi, na unaujenga kwa njia gani ambayo haitegemei kuamka ukiwa na furaha.

Tutatumia mfano mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Chukua dada anayetengeneza sabuni ya maji nyumbani kwake Pipeline, Embakasi. Anauza chupa ya lita moja kwa shilingi 120. Ukitoa malighafi na chupa, anabaki na shilingi 50. Hesabu hizi ni za mfano tu. Wewe weka za kwako, iwe unauza chapati, mitumba, mayai au huduma ya kusuka nywele.

Kwanza: aibu ya kujitangaza

Kuna methali ambayo wengi wetu tumelelewa nayo: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni methali nzuri, lakini imewafunga watu wengi midomo. Ukiposti mara ya tano unaanza kuhisi kwamba watu wanasema, "Huyu naye, kila siku sabuni." Unaona ni kama unaomba msaada. Unaanza kujificha.

Hebu tuifikirie vizuri. Methali hiyo ina ukweli mahali ambapo kila mtu anakiona kitu chako kila siku. Kwenye kijiji chenye fundi seremala mmoja, meza yake iko nyumba kwa nyumba na inajisemea yenyewe. Lakini Pipeline ina maghorofa mangapi? Mtu wa ghorofa ya sita hajui kama wa ghorofa ya pili anauza sabuni. Kizuri hakiwezi kujiuza kama hakijaonekana. Halafu stetasi hupotea baada ya saa 24. Aliyekuwa kazini jana, au aliyekuwa ameishiwa na bando, hakuiona. Wewe umechoka kuirudia, kumbe yeye hajaiona hata mara moja.

Tofauti ya kujitangaza na kusumbua ni hii: anayesumbua anasema jambo lilelile kwa mtu ambaye hawezi kukwepa. Anayetangaza anasema jambo lenye manufaa mahali ambapo mtu anaweza kupita bila kununua. Stetasi mtu anaweza kuiruka. Kumpigia simu saa nne usiku hawezi.

Pili: elewa kwa nini wiki ya tatu huvunja moyo

Turudi kwa dada wa sabuni. Wiki ya kwanza aliuza chupa 9. Wiki ya pili 4. Wiki ya tatu 2. Ukiangalia hizo nambari peke yake, biashara inaanguka. Tisa, nne, mbili, na inayofuata ni sifuri. Wengi huacha hapa.

Lakini jiulize swali dogo: wale 9 wa wiki ya kwanza wako wapi? Wako nyumbani, na sabuni yao haijaisha! Kama lita moja hukaa karibu mwezi mmoja kwa familia ndogo, basi mtu aliyenunua wiki ya kwanza hana sababu ya kununua kabla ya wiki ya tano. Hajakukataa. Chupa yake bado ina sabuni.

Hili ni jambo kubwa sana kwa mtu anayetaka kudumu. Ukimya wa mteja una sababu nyingi, na kukataliwa ni moja tu kati yake. Ipo ya kutofikiwa na tangazo, ipo ya mwisho wa mwezi kuwa mbali, na ipo ya kutohitaji kwa sasa. Ukichukulia kila ukimya kuwa ni kukataliwa, utachoka kabla ya wiki ya tano kufika, na wiki ya tano ndiyo ilikuwa na pesa yako.

Tatu: weka lengo la kazi, siyo la mauzo peke yake

Wengi huanza kwa kusema, "Mwezi huu nataka kuuza chupa 40." Lengo hilo si baya, lakini lina shida moja: huwezi kulitimiza leo asubuhi kwa nguvu zako mwenyewe. Linategemea mfuko wa mtu mwingine. Siku ambayo hakuna anayenunua, umeshindwa, hata kama ulifanya kila kitu sawasawa. Ukishindwa siku kumi mfululizo, hata wewe ungeacha.

Kwa hivyo ongeza lengo la pili ambalo liko mikononi mwako kabisa:

– Stetasi moja kila siku ya kazi, yenye picha halisi, bei, na mahali ulipo.
– Watu watatu kwa siku ambao umezungumza nao ana kwa ana kuhusu bidhaa yako: mama wa kibanda, kinyozi, mlinzi wa geti.
– Mteja mmoja wa zamani kwa siku ambaye umemuuliza bidhaa ilimfaa vipi.

Haya unaweza kuyamaliza hata siku ambayo mauzo ni sifuri. Unalala ukijua kazi ya leo imefanyika. Teresa Amabile na Steven Kramer, katika kitabu chao cha 2011, walisoma karibu kumbukumbu 12,000 za kila siku zilizoandikwa na wafanyakazi 238. Kitu kilichowapa watu moyo kuliko vingine kilikuwa kuona wamepiga hatua katika kazi yenye maana kwao, hata kama hatua ni ndogo. Sasa, hatua usiyoiandika huioni. Chukua daftari la shule, chora mistari, na kila jioni weka alama kwenye kazi uliyomaliza.

Nne: ifanye iwe mazoea, siyo uamuzi wa kila siku

Kama kila asubuhi unajiuliza, "Leo niposti au nisiposti?", siku nyingine jibu litakuwa hapana. Uamuzi unachosha. Dawa yake ni kuifunga kazi hiyo kwenye kitu ambacho tayari unakifanya.

Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba mtu anayepanga kwa mfumo wa "ikifika hali fulani, nitafanya jambo fulani" hutimiza mipango yake zaidi kuliko anayesema tu "nitajitahidi." Kwa hivyo usiseme, "Nitakuwa naposti mara kwa mara." Sema, "Nikishamimina chai ya asubuhi, kabla sijakunywa, naposti." Au, "Nikipanda matatu ya kurudi nyumbani, namwandikia mteja mmoja wa zamani." Chai ipo kila siku. Matatu ipo kila siku. Tangazo litafuata.

Itachukua muda gani kuzoea? Utafiti ulioongozwa na Phillippa Lally wa University College London, uliochapishwa 2010, uliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya. Kwa wastani ilichukua siku 66 kabla ya jambo kufanyika karibu lenyewe. Lakini watu walitofautiana sana, kuanzia siku 18 hadi siku 254. Kuna mambo mawili ya kubeba hapo. La kwanza, kama wiki ya tatu bado ni mzigo, huna kasoro yoyote, bado uko njiani. La pili, utafiti huo uliona kwamba kukosa siku moja hakuharibu safari yote. Ukikosa Jumanne, endelea Jumatano. Usilipize kwa kuposti picha kumi siku moja, maana hapo ndipo watu wanakuzima kabisa.

Na panga pumziko. Chagua siku moja ya wiki ambayo hutangazi, hujibu oda, hugusi daftari. Pumziko ulilopanga ni sehemu ya kazi. Pumziko usilopanga ndilo hugeuka kuwa kuacha.

Tano: soma nambari zinazosema kweli

Idadi ya watu walioona stetasi ni nambari tamu lakini haina pesa ndani. Unaweza kuonekana na watu 200 wasionunua, ama na 30 ambao 10 wao ni wateja. Nambari zenye ukweli ziko kwenye taarifa ya malipo ya nambari yako ya biashara. Ifungue kila Jumapili jioni na utafute mambo matatu tu:

1. Wateja wapya wiki hii ni wangapi?
2. Waliorudi ni wangapi?
3. Ukitoa gharama zote, umebaki na shilingi ngapi?

Hii ndiyo sababu huwa tunasisitiza usichanganye pesa ya biashara na ile ya nyumbani. Kama malipo ya sabuni, pesa ya mjomba na mchango wa harusi vyote vinaingia laini moja, hutajua kama biashara inakua au ni mjomba anayekua.

Sasa tuone kwa nini la pili ndilo lenye uzito. Dada wetu alipata wateja 15 katika mwezi wa kwanza. Tuseme kila mmoja alinunua chupa moja. Hiyo ni faida ya shilingi 750. Sasa tuseme kila mwezi anapata wateja wapya 8, na kila anayependa bidhaa hununua chupa moja kwa mwezi.

Mwezi wa pili: kati ya wale 15, wanarudi 10. Ongeza wapya 8, jumla 18. Faida ni 900.

Mwezi wa tatu: kati ya wale 10, wanabaki 9. Kati ya wapya 8 wa mwezi wa pili, wanarudi 5. Hao ni 14. Ongeza wapya 8, jumla 22. Faida ni 1,100.

Mwezi wa nne: kati ya wale 14, wanabaki 13. Ongeza 5 wanaorudi kutoka kwa wapya wa mwezi wa tatu, wanakuwa 18. Ongeza wapya 8, jumla 26. Faida ni 1,300.

Angalia vizuri. Hakuna siku hata moja katika miezi hiyo minne ambayo ilionekana kama ushindi. Wateja 26 kwa mwezi hata hawafikii mmoja kwa siku. Lakini biashara imekua kwa zaidi ya mara moja na nusu. Kama angetafuta wapya peke yake na kuwasahau wa zamani, mwezi wa nne angekuwa na wateja 8 na faida ya 400, na angesema biashara imekufa. Tofauti ni shilingi 900, na yote imetoka kwa watu ambao tayari walikuwa wanamjua.

Shilingi 1,300 hailipi nyumba, tunajua. Lakini sasa ana kitu cha kusimamia. Anajua watu wanarudi, kwa hivyo anaweza kwenda kwa hoteli, saluni au mahali pa kuoshea magari na mtungi wa lita 20, akiongea kwa uhakika. Mtu mwenye ushahidi huongea tofauti na mtu mwenye matumaini tu.

Sita: wakumbushe watu bila kuwaudhi

Kwa kuwa pesa iko kwa wanaorudi, andika tarehe ambayo bidhaa ya kila mteja inakaribia kuisha, na umkumbushe siku mbili kabla. Lakini kuna mipaka hapa, na tafadhali isome mara mbili.

Mtu akikulipa, hajakuruhusu kumtumia matangazo. Nambari yake ilikufikia kwa sababu ya malipo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kuna Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data inayopokea malalamiko. Kutumia taarifa za mtu kwa biashara bila idhini yake kunaweza kukuletea matatizo, hata kama wewe ni mfanyabiashara mdogo. Njia salama ni rahisi: muulize anaponunua. "Naweza kukutumia ujumbe sabuni ikikaribia kuisha?" Akisema ndiyo, andika kwenye daftari. Akisema hapana, mshukuru. Na kila ujumbe uwe na njia ya kutoka: "Kama hutaki ujumbe huu tena, niambie tu."

Kuna faida nyingine ya kuuliza. Ujumbe wa pamoja wa WhatsApp, ule unaotumwa kwa orodha ya hadi watu 256, unawafikia tu wale waliohifadhi nambari yako kwenye simu zao. Aliyekubali na kukuhifadhi atauona. Aliyelazimishwa hatauona, kwa hivyo hata hiyo hila haina faida.

Njia nyingine ni kadi ya karatasi ya kupigwa muhuri. Mwaka 2006, watafiti Joseph Nunes na Xavier Drèze walichapisha jaribio walilofanya mahali pa kuoshea magari. Nusu ya wateja walipewa kadi ya kuoshewa mara 8 ili wapate moja ya bure. Wengine walipewa kadi ya mara 10, lakini mihuri 2 ikiwa tayari imepigwa. Ukihesabu, wote walibaki na safari 8. Lakini waliomaliza kadi ya kwanza walikuwa asilimia 19, na kadi ya pili asilimia 34. Mtu akiona ameshaanza, hutaka kumaliza. Unaweza kutumia jambo hili kwa wateja wako, na pia kwako mwenyewe: ukianza daftari lako la siku 30, weka alama ya kwanza leo hii, hata kama ulichofanya ni kupiga picha moja tu.

Saba: sikiliza, huenda wanatumia bidhaa yako tofauti na ulivyofikiria

Mfano mkubwa uko kwenye simu yako. Kabla M-Pesa haijazinduliwa rasmi Machi 2007, ilifanyiwa majaribio kuanzia Oktoba 2005, Nairobi na Thika, kwa wateja wapatao 500. Lengo la kwanza halikuwa kutumiana pesa. Lilikuwa kuwasaidia watu kupokea na kulipa mikopo midogo. Lakini waliokuwa wakiisimamia walipoangalia, waliona watu wanatumiana pesa wao kwa wao, wanalipana, na wengine wanaweka pesa kwenye simu kabla ya safari ili wasibebe noti. Huduma ilipozinduliwa, tangazo lilikuwa rahisi: tuma pesa nyumbani. Hilo lilitoka kwa kuangalia watumiaji wachache kwa makini.

Wewe una wateja 15. Hiyo inatosha kabisa kuanza kusikiliza. Muulize kila mmoja swali moja: "Unaitumia wapi zaidi?" Huenda wewe unatangaza sabuni ya vyombo, kumbe wao wanaipendea kuoshea sare za shule. Tangazo la kesho limejiandika lenyewe: "Kola ya sare inatakata." Na hapa ndipo moyo hurudi, kwa sababu sasa hutungi maneno ukiwa peke yako chumbani. Unarudisha maneno ambayo wateja wenyewe wamekupa.

Nane: linda pesa na moyo

Mtu aliyechoka hudanganyika haraka. Tahadhari na haya:

Usikope ili kutangaza wakati bado hujajua kama watu wanarudi. Mkopo wa simu una tarehe yake, na haungoji wiki ya tano. Tangaza kwa faida uliyopata, hata kama ni shilingi 200. Na pesa ya karo isiingie hapa kabisa.

Usinunue wafuasi. Kuna watu wanauza maelfu ya wafuasi kwa bei ya chakula cha mchana. Hao si watu wa Pipeline, hawaoshi vyombo, na hawatanunua chupa hata moja. Utabaki na nambari kubwa na ukimya mkubwa zaidi.

Usiamini ujumbe wa malipo ulioonyeshwa kwenye simu ya mteja. Siku ambayo umekaa bila oda na ghafla mtu anaagiza chupa 10, furaha inaweza kukupofusha. Subiri uthibitisho ufike kwenye simu yako, angalia umetoka kwa jina rasmi la huduma na siyo nambari ya kawaida, kisha hakikisha salio limeongezeka. Ndipo utoe bidhaa. Na nambari ya siri haiulizwi na mtu yeyote, hata anayejiita mfanyakazi wetu.

Usitembee peke yako. Tafuta mtu mmoja au wawili wanaouza vitu tofauti na vyako. Kila Jumapili mnatumiana zile nambari tatu. Kama uko kwenye chama, omba dakika kumi za kikao. Ni vigumu kuacha kimya kimya kama kuna mtu atauliza Jumapili.

Tisa: jua lini kuendelea na lini kubadilisha

Hatutakudanganya kwamba kila anayevumilia hufaulu. Kuna biashara ambazo ni bora kuzifunga mapema, kabla hazijala akiba ya nyumba. Lakini uamuzi huo usifanywe usiku wa siku mbaya. Weka tarehe, siku 90 kutoka leo, na siku hiyo ufungue daftari na taarifa ya malipo, kisha ujijibu hivi:

Kama hukufanya kazi uliyopanga, bado hujapata jibu. Biashara haijajaribiwa. Punguza mpango uwe mdogo unaowezekana, uanze upya.

Kama ulifanya kazi na watu walinunua lakini hawakurudi, tatizo ni bidhaa au huduma. Usiongeze matangazo. Ukiongeza, utawaleta watu wengi zaidi waje waondoke. Waulize walioondoka.

Kama wanarudi lakini hubaki na faida, tatizo ni bei au gharama. Hesabu tena, ukiweka nauli, bando na muda wako.

Kama wanarudi na faida ipo, ila ni wachache, hapo ndipo tatizo ni kutangaza. Usiache! Umebeba kitu kizuri ambacho hakijaonekana na watu wa kutosha.

Na kama umefanya yote hayo kwa siku 90 na hakuna anayerudi wala faida, funga kwa heshima. Hujapoteza kila kitu. Umebaki na mazoea ya kuandika, kuuliza na kuhesabu, na hayo utaenda nayo kwenye biashara inayofuata.

Kazi yako ya wiki hii

Leo: fungua daftari, andika kazi zako tatu za kila siku, na uweke alama ya kwanza.

Kesho: chagua saa na kitu utakachofungia tangazo lako. Chai, matatu, au kufunga duka.

Keshokutwa: orodhesha wateja wote ulionao sasa, na mbele ya kila mmoja andika tarehe ambayo bidhaa yake itakaribia kuisha.

Jumapili: toa taarifa ya malipo, jibu yale maswali matatu, umtumie mwenzako.

Kisha weka alama kwenye kalenda, wiki tano kutoka siku uliyouza chupa yako ya kwanza. Siku hiyo, hata kama stetasi imeonekana na watu 12 tu, mwandikie mteja wako wa kwanza aliyekubali kukumbushwa umuulize kama sabuni imeisha. Haba na haba hujaza kibaba, lakini lazima uwe bado umeshika kibaba.